Juu ya Fisi Maji

Bahari ikipwa Msimbati wakati wa bamvua, tope jingi hubaki wazi baina ya mizizi ya mikoko, na watu hushuka kutafuta riziki. Wanawake hutangulia. Hupandisha kanga zao magotini, huchukua vikapu na vijiti, wakaenda wakiinama na kuinuka, mkono mmoja ukipapasa ndani ya tope mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Wanatafuta kaa, tondo na chaza. Mkono wa mzoefu hujua kwa kugusa tu lipi jiwe, lipi gamba tupu, na lipi gamba lenye nyama. Hujua pia kulikwepa gando la kaa koko, ambalo halina huruma kwa kidole cha mtu.

Lakini wanawake hao si wa kwanza kufika. Kabla ya mapambazuko yuko mwingine aliyekwisha pita, akapapasa tope lile lile kwa namna ile ile, akala, akaenda zake. Aliyoyaacha nyuma ni vipande vya magamba ya kaa na alama za nyayo. Alama ya mguu wake wa mbele ina vidole vitano vilivyotawanyika, vyembamba, pasipo tundu la ukucha mbele yake, mfano wa kiganja cha mtoto anayejifunza kutambaa. Mgeni asiyeijua pwani hiyo huweza kushtuka akauliza ni mtoto wa nani aliyeachwa topeni usiku. Mwenyeji hashtuki. Huruka alama akaendelea na kazi yake, na akiulizwa hutaja jina tu: fisi maji.

Hapo ndipo maneno yanapoanza, maana katika Kiswahili hakuna mnyama aliyelaumiwa kuliko fisi. Simba ana ukali, lakini ana heshima. Sungura ni mlaghai, lakini anachekesha. Fisi hakuachiwa hata sifa moja. Ni mlafi, ni mwoga, hucheka gizani pasipo jambo la kuchekesha, hufukua makaburi, na katika masimulizi ya watu wengi wa nchi hizi ndiye kipando cha wachawi. Methali nayo humfungia mlango: fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Basi aliyemwita mnyama huyu wa mtoni kwa jina la fisi alimrithisha madeni yasiyo yake, na fisi maji ameyalipa miaka yote hiyo bila kujua alikopeshwa nini.

Kwa nini jina hilo likachaguliwa? Yamkini ni kwa sababu hutembea usiku na alfajiri, na akiwa nchi kavu huenda mgongo umepinda na kichwa kimeinama. Yamkini ni kwa sababu ya sauti ya meno yake, kwani mtu aliyekaa kimya karibu na mikoko huweza kumsikia akivunja gamba la kaa kama fisi avunjavyo mfupa. Au ni kwa ajili ya kinyesi chake, ambacho hujaa vipande vya magamba, nacho kikikauka juani huwa cheupe, kama kinyesi cha fisi kiwavyo cheupe kwa mifupa. Tena ni desturi ya lugha hii kuyaita ya majini kwa majina ya nchi kavu. Jongoo bahari si jongoo, na hakuna aliyedanganyika. Lakini jongoo hana sifa mbaya ya kurithisha.

Wataalamu wa viumbe wamempa fisi maji ukoo mwingine kabisa. Kwao yeye ni ndugu wa nyegere na kicheche, wale wanyama wadogo wenye hasira kubwa. Fisi wa bara yu karibu zaidi na paka, fungo na nguchiro kuliko alivyo karibu na huyu aliyepewa jina lake. Kwa hiyo nyegere mla asali na fisi maji mla kaa ni watu wa nyumba moja, na mwenye jina ni mgeni katika nyumba hiyo.

Katika Tanzania wako fisi maji wa namna mbili. Mmoja ni mdogo, mwenye madoa meupe shingoni, na makazi yake yajulikanayo zaidi ni maziwa makubwa ya Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Huyu ana ngozi baina ya vidole na makucha makali, na hufukuza samaki mchana kweupe katika maji maangavu. Habari zake zimeandikwa tangu zamani kidogo; makala ya Procter juu ya maisha yake katika Tanganyika ilichapishwa mwaka 1963, na kisiwa cha Rubondo, ambacho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 1977, ni mahali ambapo watafiti wamekaa muda mrefu kumtazama. Wa pili ndiye wa mito, vinamasi na mikoko, naye ndiye wa Ruvuma. Ni mkubwa. Kutoka pua hadi ncha ya mkia hupata mita moja na robo au zaidi, na uzito wake aghalabu ni baina ya kilo 10 na 18. Rangi yake ni ya kahawia iliyokoza, lakini mashavu, koo na kifua cha juu ni vyeupe, kama mtu aliyekunywa maziwa kwa pupa yakammwagikia. Masikio ni madogo, kichwa ni kipana, na masharubu ni mengi na magumu.

Ajabu yake imo mikononi. Miguu ya mbele ya mnyama huyu haina makucha, wala haina ngozi ya kuunganisha vidole kama ya bata. Ina vidole vitupu, laini chini, vyenye uwezo wa kukunjika na kushika. Miguu ya nyuma ina ngozi kiasi kwa ajili ya kuogelea, na vidole vya katikati vina vijikucha vichache ambavyo kazi yake ni kuchana manyoya. Waogeleaji wengine wa jamaa yake humwona samaki wakamfukuza. Huyu huingiza mkono chini ya jiwe au ndani ya tope na kupapasa, kichwa wakati mwingine kikiwa nje ya maji na macho yakitazama upande mwingine, kama mwanamke anayechambua mchele huku akizungumza na jirani. Kidole kikigusa kaa humkamata, humpeleka kinywani kwa mkono, na magego mapana humsaga pamoja na gamba lake. Kaa ndiye chakula chake kikuu mahali pengi. Samaki hula pia, na vyura, na wadudu wa maji, lakini moyo wake uko kwa kaa.

Kwa sababu hiyo mdomo wa Ruvuma ni nyumba iliyomfaa. Mto huu huanza katika milima ya Matogoro karibu na Songea, ukashuka kwa mwendo wa kilomita zipatazo mia nane, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo ndio mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Ukikaribia bahari hupanuka na kuwa mpole, ukajaa mafungu ya mchanga yanayohama kila masika. Livingstone aliuingia kwa merikebu mwaka 1861 akalazimika kurudi kwa upungufu wa maji, na wenye mitumbwi wa leo hucheka wakisikia, maana wao hujua kwamba Ruvuma si mto wa merikebu. Ni mto wa mtumbwi, wa kiboko na wa mamba. Penye maji ya chumvi na maji baridi yanapokutana husimama mikoko ya kila aina: mkoko wenyewe wenye mizizi kama miguu ya buibui, msinzi, mkandaa, mchu, na mlilana unaotangulia kuikabili bahari. Chini ya miti hiyo kaa hawahesabiki.

Lakini kaa peke yake hatoshi. Fisi maji ana haja nyingine ambayo mtu asiyemchunguza hawezi kuidhania. Mwili wake hauna shahamu ya kumkinga na baridi ya maji kama uwavyo mwili wa nyangumi au wa nguva. Kinga yake yote ni manyoya: ya juu ni marefu na ya chini ni mafupi na yamesongamana, na baina yake hubaki hewa, nayo hewa hiyo ndiyo nguo yake. Chumvi ya bahari ikikauka ndani ya manyoya huyagandisha na kuifukuza hewa. Ndiyo maana fisi maji anayekula baharini lazima apate maji baridi ya kuogea, na katika pwani ya Afrika Kusini, ambako amechunguzwa sana, imeonekana kwamba huwa wengi mahali vijito vinapoteremka baharini, na huwa haba mahali palipo pakavu. Akila chumvini huoga mtoni. Kisha hutoka akajiviringisha juu ya mchanga au majani, akajisugua mgongo, tumbo na shingo, akakaa kujichana kwa saa nzima. Anayemwona wakati huo husema anacheza. Naye huenda anacheza. Lakini pia anafua nguo yake.

Maisha yake ya nyumbani ni ya mama. Mimba huchukua siku zipatazo 63, na watoto huzaliwa wawili au watatu ndani ya shimo la ukingoni au kichaka kizito, macho yamefumba. Mama ndiye anayewalea na kuwafunza. Watoto wa fisi maji hawazaliwi na ujuzi wa maji. Hufundishwa, na mara nyingi huingizwa kwa kulazimishwa, wakilia. Baadaye hujifunza kazi ya mikono, jambo ambalo ni refu zaidi, kwani kumshika kaa pasipo kushikwa naye ni ufundi. Mama na watoto huitana kwa mluzi. Ndiyo sauti ambayo mvuvi huisikia usiku juu ya maji yaliyotulia, akadhani ni ndege.

Mvuvi ana kesi naye. Hilo halina budi kusemwa, maana waandishi wampendao fisi maji kutoka mbali husahau kwamba yuko mtu anayegawana naye chakula. Wavuvi hutega nyavu na madema, na huzungushia wando wa fito mahali maji yanapopita wakati wa kupwa. Samaki wakikusanyika ndani ya wando huwa ni karamu iliyoandaliwa, na fisi maji hakualikwa wala hakukatazwa. Huingia akala, na kama njia ya kutoka ni finyu huitanua. Asubuhi mwenye wando hukuta tundu na vichwa vya samaki. Kwa mtu ambaye watoto wake wanangojea mafungu mawili ya samaki, moja la kula na moja la kuuza, hasara hiyo si hadithi ya kuchekesha. Wakati mwingine mambo hugeuka: fisi maji hunaswa ndani ya nyavu chini ya maji, na kwa kuwa anavuta pumzi kama sisi sote, huzama akafa. Hapo mvuvi hupata hasara mara mbili, wavu uliochanika na mzoga usio na mnunuzi.

Sasa ni kiumbe huyu huyu, mwenye jina baya na kesi na wavuvi, ambaye katika nchi nyingine amependwa kupita kiasi. Habari ya Gavin Maxwell yajulikana sana Uingereza. Bwana huyu wa Kiskoti alimleta kutoka vinamasi vya Iraki, mwaka 1956, fisi maji aliyemwita Mijbil, akakaa naye katika nyumba ya upweke pwani ya Uskoti. Mijbil aliuawa mwaka uliofuata na mtu aliyemkuta barabarani. Maxwell aliandika kitabu, *Ring of Bright Water*, kilichotoka mwaka 1960, na wasomaji wengi sana wakalia kwa ajili ya mnyama ambaye hawajapata kumwona. Walakini baada ya Mijbil alikuja mwingine, jike, jina lake Edal. Huyo hakutoka Iraki. Alitoka Nigeria, wala hakuwa na makucha mikononi. Alikuwa wa aina hii hii ya Ruvuma.

Ni jambo la kutuliza mtu na kumfanya afikiri. Katika miaka ile ile ambayo alama za vidole vitano zilikuwa zikirukwa bila kutazamwa katika tope la Msimbati, mwenye vidole hivyo alikuwa na chumba chake Uskoti, akipikiwa, akipigwa picha, akiandikiwa barua na watoto wa shule. Na mwisho wake ulikuwa nini? Alipokua, Edal alibadilika. Alimng'ata kijana aliyekuwa akimtunza, kijana akapoteza sehemu za vidole viwili. Kisha akafungiwa, asiweze tena kutembea na watu kama zamani. Mwezi wa Januari 1968 nyumba ilishika moto usiku, na Edal akafa ndani yake. Maxwell mwenyewe alifariki mwaka 1969. Hakuna katika kisa hicho mtu aliyemchukia mnyama. Wote walimpenda, na mapenzi yao ndiyo yaliyomtoa katika mto wa Afrika akaenda kufa katika moto wa Uskoti.

Kabla ya mapenzi ilikuwako biashara. Fisi maji wa bahari ya kaskazini, ambaye hukaa Alaska na California na huelea chali akivunja chaza kwa jiwe juu ya kifua chake, ana manyoya yaliyosongamana kuliko ya mnyama mwingine yeyote. Watu wa msafara wa Bering waliporudi Urusi na ngozi zake, baada ya safari yao ya mwaka 1741, uwindaji ulianza, ukaendelea kwa muda wa miaka mia na sabini. Ilipofika 1911, na Uingereza, Urusi, Japani na Marekani zikapatana kuukomesha, walikadiriwa kubaki elfu moja au mbili tu. Baadaye, mwaka 1974, wataalamu Estes na Palmisano walionyesha kwamba mahali alipotoweka, wanyama wadogo wa miiba aliokuwa akiwala waliongezeka wakala misitu ya mwani, na samaki wa misitu hiyo wakakosa pa kukaa. Basi mla chaza alikuwa mlinzi wa msitu, pasipo kuajiriwa.

Ya Japani ni mapya zaidi na yanasikitisha zaidi. Nchi hiyo ilikuwa na fisi maji wake mtoni. Aliwindwa kwa ngozi, mito ikachafuliwa, akaonekana kwa hakika mara ya mwisho mwaka 1979, na mwaka 2012 serikali ikatangaza kwamba amekwisha. Katika miaka hiyo hiyo ya tangazo na baada yake, watu wa miji ya Japani walishikwa na mapenzi makubwa ya fisi maji mdogo wa Asia ya kusini-mashariki, ambaye ni jamaa wa karibu wa huyu wa Ruvuma. Ilifunguliwa mikahawa ambamo mteja hulipa ili apapaswe mkono na fisi maji kupitia tundu la kioo. Picha zake zilienea katika simu za dunia nzima. Watoto wachanga walikamatwa huko Thailand, wakafungwa ndani ya masanduku ya wasafiri, na wengine wakafa kabla ya kufika. Mwaka 2019 mataifa yaliyokutana Geneva yaliharimisha biashara ya kimataifa ya mnyama huyo. Waliouliza kwa nini Wajapani walimpenda wa wenzao baada ya kummaliza wa kwao hawajajibiwa vizuri.

Ama sababu ya mapenzi yenyewe si ngumu kuitambua. Mtu hupenda kujiona. Uso wa mviringo, macho yaliyotazama mbele, masharubu kama ya babu, mama anayembeba mtoto, na juu ya yote mkono: mkono unaoshika, unaogeuza kitu, unaokileta karibu na macho kama mtu asomaye barua. Mbwa humpenda mtu kuliko fisi maji atakavyoweza kumpenda maisha yake yote, lakini mbwa hana mkono. Tena yuko fisi maji anayecheza na mawe. Hulala chali akarusha kijiwe kutoka kiganja hadi kiganja, akakipitisha kifuani na shingoni, akakidaka, asikiangushe. Watazamaji hufurahi, wakasema, tazama furaha yake. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walitoa matokeo ya kuwachunguza fisi maji wa Asia katika bustani za wanyama, na waliona kwamba mchezo huo huzidi wakati wa njaa, saa ya chakula inapokaribia. Huenda kuna furaha ndani yake pia, wanyama hawakuapishwa. Lakini yule aliyesimama nje ya kioo akicheka, aghalabu alikuwa akimcheka mwenye njaa.

Yafaa kurudi Msimbati. Huko hakuna mkahawa wa fisi maji wala kitabu chake. Wageni wanaofika Ruvula huja kwa ajili ya mchanga na matumbawe. Mwaka 2000, kwa sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994, eneo la kilomita za mraba zipatazo 650 lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma: mbili kwa tatu ni maji, na iliyobaki ni nchi kavu yenye mikoko, mashamba na vijiji. Vijiji vilikuwako kabla ya hifadhi, na watu hawakuhamishwa kumpisha mnyama yeyote. Gesi iligunduliwa katika ghuba hiyo mwaka 1982, na tangu 2015 husafiri kwa bomba mpaka Dar es Salaam. Baruti za wavuvi haramu zilipasua matumbawe miaka mingi kabla ya kudhibitiwa. Mikoko hukatwa kwa ajili ya boriti na kuni, kwa maana nyumba husimama kwa boriti na chakula huiva kwa kuni.

Ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Mpaka umehama zaidi ya mara moja: Wajerumani waliichukua Kionga mwaka 1894, Wareno wakairudisha 1916, na mapatano ya mwaka 1919 yakaithibitisha kuwa yao. Tangu Oktoba 2017 vita vya Cabo Delgado vimewatoa watu wengi majumbani mwao, na mwaka 2020 vilivuka mto kufika upande wa Mtwara. Kwa watu, mto ule una ng'ambo yenye hofu. Fisi maji huvuka akila.

Huenda mwanafunzi mwema akasema: basi tumpe jina jingine, zuri, tumwandikie hadithi, tumpige picha, watu wa Msimbati wampende kama anavyopendwa kwingine. Shauri hilo lina upande wake wa haki. Anayechukiwa hana mtetezi. Wataalamu wamemweka mnyama huyu katika daraja la wanaokaribia kuwa hatarini, kwa sababu ya mito inayochafuliwa na kingo zinazolimwa hadi majini, na ni vigumu kuomba ukingo mmoja uachwe kwa ajili ya kiumbe ambaye jina lake ni tusi. Lakini tufikiri pia juu ya mtoto wa fisi maji anayekutwa asubuhi ndani ya wando, hai, akilia mluzi. Leo mwenye wando ataona kinyama kisicho na faida. Akikasirika atakiua, asipokasirika, na wengi hawana wasaa wa kukasirika maji yanapoanza kujaa, atafungua fito na kukiacha kiende. Siku atakapoambiwa kwamba yako mataifa ambayo watu wake hulia machozi kwa ajili ya kinyama hicho, na kwamba wako wanunuzi, atakitazama kwa jicho jingine. Hatakiua tena. Wala hatakifungulia.

Kati ya hayo mawili kuna jambo la tatu ambalo lipo Msimbati tayari, nalo halina jina zuri. Si mapenzi, wala si chuki. Ni ile hali ya mwanamke anayekuta alama za vidole vitano karibu na shimo la kaa, akajua kwamba shimo hilo limekwisha papaswa usiku, kwa hiyo hana haja ya kujisumbua nalo. Humsoma fisi maji kama asomavyo upepo. Husogea mizizi miwili mbele, mahali pasipo na alama, akaingiza mkono wake.

Maji yakirudi, huanza kwa kujaza zile nyayo ndogo kwanza, kwa kuwa ziko chini zaidi, karibu na mkondo. Wakati huo vikapu vimekwisha kuinuliwa, na wanawake wanapanda kwenda nyumbani kuwasha moto.